Kakira: Kiwanda kilichozaa viwanda, na mkulima aliyebaki nje ya lango

Kampuni ya ukoo wa Madhvani wa Uganda ilianza na duka na pamba, ikafika kwenye sukari, chuma, bia, kioo na umeme. Leo wakulima wanaoilisha miwa wanauliza fungu lao liko wapi.

Ukitoka Jinja kuelekea Iganga wakati wa mavuno, hutahitaji kuuliza Kakira iko wapi. Utaanza kupishana na matrekta yanayokokota matela yaliyosheheni miwa, yakipanda vilima taratibu huku malori na mabasi ya kutoka Kenya yakipiga honi nyuma yake. Miwa iliyodondoka imelala kando ya lami. Watoto huiokota na kuitafuna wakirudi nyumbani.

Kila tela lina mwenyewe, na mwenyewe ana haraka. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari. Ukikaa juani siku mbili tatu unakauka, uzito unashuka, na mkulima hulipwa kwa uzito. Foleni ya matela nje ya mizani ya kiwanda ni hasara inayoonekana kwa macho.

Kwa mkulima, safari ya muwa inaishia hapo mizanini. Kwa kiwanda ndiyo kwanza inaanza. Juisi itakuwa sukari. Makapi yatachomwa kwenye boila ili kuendesha mitambo na kufua umeme, na unaozidi mahitaji ya kiwanda utauzwa kwenye gridi ya taifa. Molasi itageuzwa spiriti. Hata tope linalobaki kwenye machujio lina kazi: ni mbolea ya shamba.

Muwa mmoja, mauzo matatu au manne. Mkulima analipwa mara moja.

Hilo ndilo linalogombaniwa Busoga, mkoa ilimo Kakira, kwa zaidi ya muongo mmoja, kwenye mikutano ya vyama vya wakulima, mbele ya mawaziri na ndani ya Bunge la Kampala. Ili kulielewa inabidi kwanza kuijua kampuni yenyewe, maana historia ya viwanda Afrika Mashariki ina visa vichache vinavyolingana na chake.

Kijana wa Gujarat

Muljibhai Prabhudas Madhvani alizaliwa mwaka 1894 Gujarat, magharibi mwa India. Mwaka 1908, akiwa na umri wa miaka 14, alivuka bahari kuwafuata jamaa zake waliokuwa wakifanya biashara Uganda. Njia ya wakati huo ilikuwa meli hadi Mombasa, treni hadi Kisumu, kisha meli tena kuvuka Ziwa Victoria.

Busoga aliyoikuta ilikuwa nchi ya pamba. Serikali ya kikoloni iliwahimiza wakulima kuilima kwa ajili ya viwanda vya nguo vya Uingereza. Wafanyabiashara wa Kihindi walikaa katikati: upande mmoja waliuza nguo, chumvi na majembe, upande wa pili walinunua pamba. Mwaka 1912 ilifunguliwa reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, na mzigo wake mkubwa ulikuwa pamba hiyo hiyo.

Muljibhai alijifunza biashara kwenye maduka ya ndugu zake, akafungua yake, kisha akaingia kwenye viwanda vya kuchambua pamba. Mwaka 1918 alipata ardhi Kakira, kilomita chache mashariki mwa Jinja, ekari 800 hivi. Miaka 12 baadaye, mwaka 1930, kiwanda chake cha sukari kilianza kazi.

Hakuwa wa kwanza. Nanji Kalidas Mehta, Mgujarati mwenzake, alikuwa amekwisha kufungua kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924. Wala 1930 haukuwa mwaka mzuri wa kufungua kitu chochote. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeanza, na bei za mazao ya kuuza nje, pamba ikiwamo, zilikuwa zikianguka.

Lakini sukari ilikuwa na soko nyumbani. Pamba ilipangiwa bei Liverpool, ilhali sukari ilinunuliwa na mtu wa Mbale, wa Kampala, wa Kisumu, aliyekuwa ameanza kuzoea chai. Mwaka 1931 reli ya kutoka Mombasa ilivuka Mto Nile pale Jinja na kufika Kampala. Kakira ikawa na reli na soko kwa pamoja. Mimi naona hapa ndipo bahati ya ukoo ule ilipokaa sawa, kabla ya chuma na kabla ya bia: waliuza kitu ambacho jirani alikihitaji.

Kila taka ni malighafi

Kiwanda cha sukari hakiwezi kuishi bila karakana. Kinataka mafundi wa boila, wachomeleaji, wachonga vyuma, mafundi umeme na madereva. Kipuri kikivunjika katikati ya msimu, huwezi kusubiri meli ya Uingereza huku miwa inakauka shambani. Kwa hiyo mwenye kiwanda cha sukari, apende asipende, anajikuta anafundisha watu kazi za viwanda.

Pamba nayo ilikuwa na mengi ya kutoa. Nyuzi ziliuzwa. Mbegu zilikamuliwa mafuta, mafuta yakatengenezwa sabuni. Ndivyo ukoo ulivyotanua shughuli zake, hatua kwa hatua: palipobaki taka, waliuliza inafaa kwa nini, na walipokuwa wakinunua kitu kila siku, waliuliza kwa nini wasikitengeneze wenyewe.

Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la umeme la Owen Falls, na Jinja ikawa mji wa viwanda mashuhuri kupita miji mingi ya ukanda huu. Mwaka 1957 kampuni iliinunua Nile Breweries, kiwanda cha bia kilichokuwa hapo hapo Jinja. Bia inataka chupa, na ukoo ule ukaingia kwenye kioo, Mombasa na Dar es Salaam. Kioo Limited ya Chang'ombe, inayotengeneza chupa za soda na bia ambazo Watanzania wengi wamezishika mkononi, ina asili yake katika ukoo huo, miaka ya 1960.

Chuma kilifuata. Steel Corporation of East Africa iliyeyusha vyuma chakavu Jinja na kutoa nondo za ujenzi. Mulco ilifuma nguo. Kulikuwa na peremende, viberiti na chai. Kijiji cha Kakira chenyewe kikawa mji, wenye hospitali, shule na nyumba za maelfu ya wafanyakazi, wengi wao waliotoka mbali: West Nile, Kigezi, hata Rwanda.

> Palipobaki taka, waliuliza inafaa kwa nini. Walipokuwa wakinunua kitu kila siku, waliuliza kwa nini wasikitengeneze wenyewe.

Muljibhai alifariki mwaka 1958. Mwanawe Jayant alishika usukani, na ni katika kipindi chake kampuni ilipanuka kwa kasi kuvuka mipaka ya Uganda. Mwaka 1962, mwaka wa Uhuru wa Uganda, ukoo uliunda taasisi yenye jina la baba yao kwa ajili ya kuwasomesha vijana wa Uganda. Ufadhili huo wa masomo upo hadi leo.

Jayant alifariki ghafla mwaka 1971. Miezi michache kabla ya hapo, Januari, Idi Amin alikuwa amemwondoa Milton Obote madarakani.

Siku tisini

Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, na akawapa siku 90. Manubhai Madhvani, mdogo wake Jayant aliyekuwa sasa mbele katika uongozi wa kampuni, alikamatwa na kutupwa katika gereza la kijeshi la Makindye. Aliachiwa akiwa hai, jambo ambalo si wote walioingia Makindye walilipata, akaondoka nchini na wenzake. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka hivyo hivyo, wakiacha nyumba, maduka na mashamba.

Ni haki kusema pia kwamba manung'uniko hayakuzuliwa na Amin. Mwaka 1949 wakulima wa Buganda walifanya ghasia kubwa, na moja ya madai yao lilikuwa ruhusa ya kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe, badala ya kuipeleka kwenye mashine za wengine kwa bei ya wengine. Utawala wa kikoloni ulikuwa umewafungia mlango huo. Amin alilichukua dai la haki la mkulima, akalitumia kumnyang'anya mtu mwingine, na mkulima hakupata kitu.

Mali zilizoachwa ziligawiwa kwa wanajeshi na wenye kujuana na wakubwa. Waganda waliwabatiza matajiri hao wapya jina la mafuta mingi. Kakira iliangukia mikononi mwa serikali.

Kiwanda cha sukari hakifi siku moja. Kwanza huondoka wanaojua kukiendesha. Kisha hukosekana fedha za kigeni za kununua vipuri, kwa hiyo mtambo mmoja unachinjwa ili mwingine uponyeke. Miwa isiyopandwa upya huzeeka na mavuno yake hushuka mwaka hadi mwaka, mpaka mashamba yanageuka vichaka. Uganda, iliyokuwa ikijitosheleza kwa sukari na kuuza nje, ikawa nchi ambayo kilo moja ilitafutwa kwa magendo.

Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 mitambo ya Kakira ilikuwa imenyamaza. Walioumia zaidi hawakuwa Madhvani, waliokuwa na pa kwenda na pa kuanzia upya. Walikuwa wafanyakazi wa Kakira na familia za Jinja, ambazo mshahara wao ulitoka kwenye mabomba yale ya moshi.

Kurudi na kuanza upya

Mwaka 1982 serikali ya Obote, aliyekuwa amerudi madarakani, ilitunga sheria ya kuwarudishia wenyewe mali zilizotaifishwa. Mwaka 1985 ukoo wa Madhvani ulirudi Kakira, kwa ubia na serikali. Mikopo ya kufufua kiwanda ilitoka Benki ya Dunia na wafadhili wengine, na kazi kubwa ilifanyika baada ya Yoweri Museveni kuingia madarakani mwaka 1986. Ilibidi kufyeka, kulima, kupanda na kuunda mitambo upya kabla ya kuona gunia la kwanza. Mwaka 2000 ukoo ulinunua hisa za serikali na kiwanda kikawa chao tena.

Si kila kitu kilirudi kama zamani. Nile Breweries ilirudishwa mwaka 1992, lakini baadaye ikaenda kwa kampuni kubwa ya bia ya Afrika Kusini. Chuma na nguo za Jinja hazikupata tena hadhi ziliyokuwa nayo. Soko lilikuwa limebadilika, na bidhaa za nje zilikuwa zimejaa madukani. Ukoo ukaweka fedha kwenye mambo mengine, zikiwamo hoteli za mbugani kama Mweya na Paraa.

Sukari ndiyo iliyorudi kwa nguvu zaidi ya ilivyoondoka. Kakira sasa ndicho kiwanda kikubwa kuliko vyote Uganda, na uzalishaji wake umewahi kufika tani 180,000 hivi kwa mwaka. Mitambo yake ya umeme ina uwezo wa megawati 52, na hadi megawati 32 kati ya hizo huenda kwenye gridi. Kiwanda cha spiriti kinachotumia molasi kilijengwa kikiwa na uwezo wa lita milioni 20 kwa mwaka. Akili ile ya zamani, ya kutotupa kitu, imerudi ikiwa na mashine kubwa zaidi.

Msomaji wa Kenya atauliza: mbona kampuni ya sukari ya Mumias nayo ilikuwa na umeme, ikawa na ethanoli, ikauza hisa zake Soko la Nairobi, na bado ikaanguka hadi kuwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019? Ni swali zuri. Kuwa na bidhaa nyingi hakuiokoi kampuni ambayo miwa imeikimbia. Wakulima wa Mumias walikaa muda mrefu bila malipo, wengine wakang'oa miwa na kupanda mahindi. Mitambo ilikuwapo, cha kusaga hakikuwapo.

Kakira inalijua hilo. Zaidi ya nusu ya miwa inayosagwa pale haitoki kwenye shamba la kampuni. Inatoka kwa wakulima wa nje, maelfu yao, waliotawanyika katika wilaya za Busoga.

Pande mbili za mizani

Kuanzia miaka ya 2000 viwanda vipya vilianza kuchipuka Busoga: Mayuge, Kaliro, Kamuli na vingine. Kwa mkulima ilikuwa neema. Kwa mara ya kwanza aliweza kukataa bei ya mmoja akaenda kwa mwingine.

Wenye viwanda vya zamani walilalamika, na hoja yao ina uzito. Wao ndio wanaomkopesha mkulima mbegu, kumlimia kwa trekta na kumpa mbolea, wakitarajia kukata mkopo kwenye mavuno miezi 18 baadaye. Miwa ikishakomaa, anakuja dalali wa kiwanda kingine kisichokopesha mtu, anaongeza shilingi kidogo na kuondoka nayo, mara nyingine ikiwa bado changa. Nani atakopesha tena?

Sera ya sukari ya mwaka 2010 ilitaka viwanda visikaribiane chini ya kilomita 25. Wenye viwanda walitaka hata zaidi: kila kiwanda kiwe na eneo lake na wakulima wake. Rais Museveni aliunga mkono. Wakulima na wabunge wengi walikataa, wakisema kumgawia mkulima mnunuzi mmoja ni kumrudisha kwenye pamba ya ukoloni. Sheria ya Sukari ilipotiwa saini mwaka 2020 haikuwa na kanda hizo.

Ushindi ule haukudumu mfukoni. Mwaka 2023, miwa ilipoadimika, bei ya tani ilipita shilingi 200,000 za Uganda. Watu wakapanda hadi mlangoni. Miwa ikawa mingi, bei ikaporomoka, na foleni za matela zikarefuka. Anayevuna kwa wakati ni mwenye kibali cha kukata, na vibali haviwatoshi wote.

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la biashara. Mashamba ya Busoga ni madogo na familia ni kubwa. Ekari mbili zikiingia miwa, hakuna viazi, hakuna mahindi, hakuna maharage, na fedha inakuja baada ya mwaka mmoja na nusu. Wengine hukodisha ardhi yao kwa wakulima wakubwa kwa miaka kadhaa, wakila kodi yote kwa mwezi mmoja. Mkoa uliozungukwa na viwanda vingi vya sukari kuliko mwingine wowote Uganda umekuwa ukitajwa mara kwa mara miongoni mwa mikoa maskini ya nchi hiyo.

> Ekari mbili zikiingia miwa, hakuna viazi, hakuna mahindi, hakuna maharage, na fedha inakuja baada ya mwaka mmoja na nusu.

Hofu hiyo imevuka mipaka ya Busoga. Kampuni ya Madhvani ilipotaka kufungua mashamba ya miwa Amuru, kaskazini, kwa watu waliokuwa wametoka tu kwenye kambi za wakimbizi wa vita vya Joseph Kony, ardhi ikawa moto. Mwaka 2012 mahakama iliwakatalia waliopinga. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo akina mama wazee walivua nguo mbele ya wapimaji, laana nzito katika mila za Kiacholi. Hakuna mkataba wa ardhi unaopaswa kufikishwa mahali hapo.

Fungu la mkulima

Wenye viwanda husema wao ndio waliokopa, waliojenga, waliopoteza kila kitu mwaka 1972 na kurudi. Ni kweli, na yeyote anayependa kuona Mwafrika anatumia bidhaa iliyotengenezwa Afrika anapaswa kuheshimu kazi hiyo. Boila na mitambo ya umeme havikununuliwa na mkulima.

Lakini makapi yanayochomwa kwenye boila hizo yamelimwa na yeye. Molasi ni jasho lake pia. Kukokotoa bei ya miwa kwa kutazama sukari peke yake kulikuwa na maana siku ambazo kiwanda kiliuza sukari peke yake. Siku hizo zimepita, na kampuni yenyewe ndiyo iliyozipitisha. Wakulima wanapodai umeme na spiriti viingie kwenye hesabu hawaombi sadaka. Wanasoma vitabu vya mahesabu kwa akili ile ile iliyomtajirisha Muljibhai.

Haya si ya Waganda peke yao. Tanzania inapanua viwanda vya sukari na kuwaita wakulima zaidi Kilombero na kwingineko. Kenya inajaribu kuufufua ukanda wake wa miwa. Kote huko mikataba inaandikwa sasa, na mikataba ya miwa ikishasainiwa hukaa miaka.

Kwa hiyo wanaoiandika, Kampala, Dodoma na Nairobi, waweke mambo matatu kwa maandishi: bei ihesabu kila kinachouzwa kutokana na muwa, mizani ikaguliwe na mtu asiyelipwa na kiwanda, na kiwanda kinachochelewa kupokea miwa kiliyoiamuru ikatwe kilipe uzito uliopotea. Na mkulima, kabla hujapanda miwa kwenye ekari yako ya mwisho, bakiza ya chakula.